Mwenye Roho Atoke

Katika miaka yote niliyomjua Nyapara, nilimwona mara moja tu akiipa miwa mgongo. Alipokula, aliketi akiitazama. Alipozungumza na dereva wa trekta, alizunguka polepole mpaka dereva ndiye akawa amelipa shamba mgongo, naye Nyapara akazungumza huku macho yake yakipita juu ya bega la mwenzake. Sisi vijana tulidhani ni ujeuri, kwamba ni mtu asiyetaka kukutazama usoni. Siku moja nilimkuta peke yake kwenye njia ya trela, hakuna mtu karibu, naye alikuwa anatembea kinyumenyume.

Alisimamia kundi la wakataji miwa upande wetu wa Kabras, na kila mtu alimwita Nyapara. Hata mkewe, akimletea chakula, alisimama mbali na kuita, "Nyapara, chakula hiki hapa." Kanisani lazima alikuwa na jina lake, lakini mimi sikulisikia. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti zito la mvua alilolivaa hata jua likiwa kali, na kofia ya kahawia ambayo ukingo wake mmoja ulikuwa umeungua. Alitafuna mukombero, ule mzizi wenye harufu kali, tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo ukisimama upande wa upepo ulijua amefika kabla hujamwona.

Asiyewahi kuingia ndani ya shamba la miwa iliyokomaa hajui kimya chake. Ukipiga hatua kumi tu, barabara imepotea. Mbingu inabaki kama utepe mwembamba juu ya kichwa. Sauti za watu zinakufikia, lakini hazina upande. Unamsikia mtu akikohoa na huwezi kusema yuko mbele au nyuma. Na majani yanakwaruzana, kiasi kwamba unaweza kuapa kuna mtu anatembea mstari wa pili, sambamba nawe, na ukisimama naye anasimama. Mchana kweupe. Nilikulia katikati ya miwa, na bado sikuwahi kuingia humo bila kuimba.

Nyapara hakuimba. Aliingia kimya, akasimama, akasikiliza. Wakataji walisema anaweza kusikia mtu akipumua mistari ishirini mbali naye. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba mara mbili aliwatoa watu waliokuwa wamejificha humo kukwepa kazi, na mara zote mbili alienda moja kwa moja walipokuwa, bila kutafuta.

Si kila shamba lilichomwa kabla ya kukatwa. Lakini lile lililozidiwa na majani makavu, magugu na nyoka, mwenyewe akikubali, lilipigwa moto upepo ukiwa umetulia, kisha wakataji wakaingia siku iliyofuata na kutoka weusi kwa masizi. Kazi ya kuwasha moto ilikuwa ya Nyapara na hakumwachia mtu mwingine. Kabla ya kuwasha alilizunguka shamba lote kwa miguu, mara tatu. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akavua kofia, akaweka kiganja nyuma ya sikio na kuita. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mwenye roho atoke. Mwenye roho atoke."

Na walitoka. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo nilikuwa kidato cha pili, na nywele zilinisimama. Panya walitoka kwanza, halafu kware, halafu sungura. Kisha nyoka mnene mweusi akavuka njia, hatua moja kutoka kwa buti zake. Nyapara hakurudi nyuma. Alimwinulia kofia kama mtu anayemsalimu mama mkwe.

"Pita, mama," akamwambia.

Mkataji mmoja mgeni, kutoka upande wa Ekero, alicheka. Akamuuliza kwa nini anajisumbua na panya.

"Panya anajitoa mwenyewe," Nyapara akamjibu. "Mimi siitangi panya."

Yule mgeni hakucheka tena siku ile.

Aliyenieleza maana yake ni Mama Rispa, mwanamke pekee katika kundi letu, aliyekata miwa haraka kuliko wanaume wengi. Tulikuwa tunanoa panga kwenye jiwe moja. Katikati ya shamba lililokuwa limekwisha kukatwa, palikuwa pamebaki kichaka kidogo cha miwa, imesimama peke yake kama watu walioambiwa wangoje. Nilimuuliza kwa nini haikatwi.

"Usikaribie pale," alisema. "Kulikuwa na kijana wa shule. Anakuja Jumamosi kama nyinyi. Yeye na wenzake walivuta bangi huko ndani, yeye akalala. Wenzake wakatoka, wakaenda mpira. Hakuna mtu alisema wamemwacha. Nyapara akawasha."

Nilipitisha panga langu kwenye jiwe. Kisha nikauliza swali la kitoto. "Bangi walitoa wapi?"

Mama Rispa alilijaribu panga kwa kidole gumba. "Ai, Meshaki. Kwani hapa nani anapeananga?"

Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo sijui niliweke wapi. Saa nne asubuhi, baada ya chai, Nyapara alivua ile kofia. Ndani ya bitana yake mlikuwa na misokoto midogo ya bangi iliyofungwa kwa karatasi ya gazeti. Alipita kwenye mstari akimpa kila mkataji wake, vile mtu anavyogawa maji. Aliiita dawa ya mgongo. Mtu akivuta aliinama mpaka alasiri bila kuhisi kiuno, na trela zilijaa. Yeye mwenyewe hakuvuta. Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, na wakati wa maombi machozi yalimtiririka bila sauti. Jumatatu kofia ilikuwa imejaa tena.

Sisi wa shule alitupita kwanza. "Nyinyi ni watoto, hii si yenu," alisema. Kisha aliporudi kutoka mwisho wa mstari, mkono wake ulishuka na msokoto. Siku moja nilimsikia Mama Rispa akimgombeza kwa sababu hiyo.

"Nikiwanyima, watapewa na wenzao," alijibu. "Na wenzao watawapa mingi." Alisema hivyo akiwa ameitazama miwa, si Mama Rispa.

Alikuwa na maneno yake. Mvua ikianza alisema, "Moto umepata mwalimu." Mtu akilalamika sana alisema, "Mwache aseme, anayenyamaza ndiye wa kumfuata." Watu wote aliwaita jirani, hata watoto. Na kulikuwa na moja alilolirudia akiwatazama vijana wakitembea kwa makundi: "Ng'ombe mmoja hawezi kuanguka mtoni. Wanaangukanga pamoja." Tulimwigiza tukacheka. Kefa alimwigiza vizuri kuliko sote, mpaka namna ya kutafuna.

Kefa alikuwa mbele yetu kwa darasa moja. Hakuwa mkubwa wa mwili, lakini alikuwa na namna ya kumtazama mtu mpaka mtu huyo akajiona anadaiwa maelezo. Ningependa kusema alinilazimisha kuvuta. Hakunilazimisha. Mara ya kwanza tulikuwa tumeketi ndani ya miwa, yeye, mimi na Tito, mwenzetu wa shule. Kefa alivuta, kisha akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akampa Tito. Tito akavuta, akamrudishia vilevile, juu ya kichwa changu. Hawakuniambia neno. Walikuwa wakinipitishia kitu juu kana kwamba mahali pale palikuwa na jiwe. Mzunguko wa tatu, mimi mwenyewe niliinua mkono nikaudaka msokoto.

Mwanzoni ilitufanya tucheke. Baadaye tukawa tunaongezea chang'aa tuliyoipata nyuma ya soko, na kicheko kikaanza kutafuta mtu wa kuchekwa, na akishapatikana, wa kupigwa. Tulimrushia mlinzi wa shule mawe. Tito alimng'ata mtoto wa shule jirani sikio uwanjani, mpira ukiwa bado unachezwa. Jioni moja mama yangu aliniwekea obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, nikasema mrenda tena, naye akasema kula, baba. Nikamsukuma. Aliangukia mlango. Nakumbuka mkono ukienda, nami nikiutazama kama mkono wa mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Mama hakulia. Aliinuka, akaokota sahani, na tangu siku hiyo akawa ananipa chakula akiwa amesimama mbali, kama mke wa Nyapara.

Rafiki yangu wa kweli hakuwa Kefa. Alikuwa Nashoni. Boma zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma, na tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyempeleka kukata miwa. Alivuta mara moja, akatapika, akasema hii si yangu, na akaendelea kuja kwa kazi tu. Kefa hakumsema. Lakini Jumatatu moja mwalimu wa darasa alienda moja kwa moja kwenye dawati la Kefa, akaingiza mkono, akatoa misokoto minne. Kefa alifukuzwa kwa wiki mbili. Aliporudi alikuwa mpole mno.

"Ni Nashoni," aliniambia.

"Hujui kama ni yeye."

"Wewe ndiye ulimleta kwetu. Basi wewe ndiye utamwita."

Jumamosi hiyo tulifanya kazi mpaka chakula cha mchana. Kando yetu kulikuwa na shamba ambalo lingechomwa Jumatatu. Sote tulikuwa tumesikia Nyapara akisema hivyo. Nilimwendea Nashoni, aliyekuwa anakula ndizi mbivu, nikamwambia nimeona kiota cha kware humo ndani, chenye mayai. Aliacha ndizi kwenye jiwe akanifuata. Alikuwa anaongea njia nzima. Sikumbuki alisema nini, nakumbuka tu kwamba sauti yake ilikuwa inakuja kutoka pande zote.

Kefa alimrushia gunia kichwani kutoka nyuma. Yeye na Tito walimpiga kwa ngumi na kwa vipande vya miwa. Mimi nilimpiga teke mara mbili, mbavuni. Hakuna aliyeniambia nipige. Mara ya pili alikuwa ameshaanguka. Nilikuwa nimevuta, ndiyo, lakini nimewahi kuwasikia watu wakisema ilikuwa bangi, na kila nikiwasikia najua mimi siwezi kusema hivyo. Nilipiga kwa sababu Kefa alikuwa ameacha kupiga na alikuwa ananitazama.

Tulimwacha hapo. "Ataamka," Kefa alisema. "Akisema, tutamrudia." Tukatoka kwa upande mwingine, tukajipangusa, tukarudi kwenye mstari.

Haikupita hata saa moja, upepo ukatulia kabisa. Majani yalisimama. Moshi wa jikoni ng'ambo ya mto ulipanda wima kama uzi. Nyapara aliinua kidole kilichotiwa mate, akakaa nacho juu muda mrefu, kisha akasema hatutangoja Jumatatu.

Alituita sote kwenye njia ya trela. Wakataji walisimama upande mmoja, sisi wa shule upande mwingine.

"Nyinyi mko wangapi leo?" alituuliza.

"Watatu, mzee," Kefa akajibu. "Nashoni aliumwa na tumbo, akaenda nyumbani."

"Alipitia wapi? Mimi niko hapa njiani tangu asubuhi."

"Mtoni."

Nyapara alimgeukia Tito. Tito alitazama vidole vyake vya miguu. Kisha akanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza na ya pekee kumwona akimtazama mtu usoni huku miwa ikiwa nyuma yake. Macho yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Na wewe, jirani. Wewe unasema mko wangapi?"

"Hakuna mtu ndani, mzee," nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alitikisa kichwa taratibu, akaanza kuzunguka.

Mzunguko wa kwanza walitoka panya. Wa pili akatoka sungura mmoja, akakaa katikati ya njia akitutazama, kama hajui aende wapi. Mtu wa mwenye shamba alikuwa amefika kwa pikipiki na alikuwa anapiga kelele. "Nyapara, upepo utaamka! Washa, twende!" Nyapara aliendelea kuzunguka. Tulimsikia akiita kutoka upande wa mbali, bila kumwona, na sauti yake ilifika kwetu ikiwa nyembamba, kana kwamba ilikuwa inatoka ndani ya miwa wala si ng'ambo yake.

"Mwenye roho atoke. Mwenye roho atoke."

Watu huniuliza, wale wachache niliowaambia, nilikuwa nafikiri nini. Wanatarajia niseme niliogopa kwa ajili ya Nashoni. Sikufikiri juu ya Nashoni. Nilikuwa najiuliza kama Kefa ameridhika na jibu langu.

Mzunguko wa tatu ulipokwisha, Nyapara alitoa kiberiti. Alisimama akiikabili miwa, njiti mkononi, na tukangoja. Hakuna ndege aliyelia. Kisha akairudisha njiti ndani ya kiberiti, akakitia kiberiti mfukoni, akavua kofia akampa Mama Rispa, na akaingia.

Majani yalijifunga nyuma yake. Tulimsikia upande wa kulia, kisha kushoto, kisha hatukumsikia tena. Mtu wa pikipiki aliuliza, huyu mzee amerukwa na akili? Mama Rispa alikuwa ameikumbatia kofia kifuani kwa mikono miwili. Halafu, kutoka mahali ambapo nisingeweza kupaonyesha hata leo, tukasikia sauti yake, ileile ya kumwamsha mgonjwa.

"Nimekuona. Usiogope. Nimekuona."

Alitoka na Nashoni mgongoni. Uso wa Nashoni ulikuwa umevimba mpaka jicho moja halikuonekana, na mkono wake wa kushoto ulining'inia vibaya. Nyapara alipita mbele yetu karibu sana, nikasikia harufu ya mukombero na ya damu. Hakutugusa. Hakupaza sauti.

"Nyinyi watatu endeni nyumbani," alisema. "Msirudi kwangu."

Shamba lile halikuchomwa. Lilikatwa bichi, na nyoka wake na majani yake, wakataji wakinung'unika wiki nzima. Mama Rispa aliniambia baadaye kwamba Nyapara hakuchukua tena mtoto wa shule hata mmoja, na wazazi waliokuja kuwaombea watoto wao kazi aliwafukuza kwa matusi ambayo hakuna aliyejua anayajua. Nikamuuliza, na kofia? "Kofia ni ileile," alisema. "Watu wazima anawapatianga bado. Meshaki, wewe unataka mtu awe malaika?"

Kefa alimaliza shule kwingine, au hakumaliza. Mara ya mwisho nilisikia alikuwa amefungwa kwa kumchoma mtu kisu baani, Malava. Tito anaendesha pikipiki, ana watoto, tukikutana barabarani anapiga honi bila kupunguza mwendo.

Kwa Nashoni nilienda hospitalini siku ya tatu, nikiwa na mama yangu. Taya lilikuwa limefungwa, hakuweza kuongea. Nilimshika mkono ule mzima. Nilimwambia kwamba Kefa alinidanganya mimi pia, kwamba walipoanza kumpiga nilikimbia kutafuta msaada, na sikujua nimwite nani. Alinitazama kwa jicho moja. Kisha akanibana mkono. Polisi walipomuuliza, baada ya taya kupona, alisema alikuwa amefunikwa gunia, hakumwona mtu.

Sikuvuta tena. Si kwamba nilikuwa nimekuwa mwema. Nikivuta, nilisikia mtu anatembea mstari wa pili, na hata nilipohamia penye mahindi matupu aliendelea kutembea. Nilisoma ualimu nikapangiwa kazi Likuyani, mbali na miwa. Nashoni alibaki nyumbani, akafungua karakana ya pikipiki. Alisimama kando yangu siku ya harusi yangu. Binti yangu wa kwanza anamwita baba mdogo. Mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri, na watu wakimuuliza anasema alianguka kwenye miwa.

Mwaka huu, darasani kwangu, mvulana mtulivu alimpiga mwenzake kwa mguu wa kiti. Wenzao wanne walikuwa wamesimama wakitazama. Niliwaita mmoja mmoja. Walikuwa na ile harufu tamu nguoni ninayoijua. Kila mmoja alisema hakuwa hapo. Nilipoanza kuandika ripoti, kalamu ilikataa. Jumamosi nilipanda gari nikaenda nyumbani, na Jumapili baada ya kanisa nikaenda kwa Nyapara.

Hakuwa tena nyapara wa mtu. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, blanketi magotini. Miwa ya jirani ilikuwa imekuja mpaka karibu na ua, naye alikuwa ameelekezwa huko. Mkewe aliniletea chai, akasema ongea kwa sauti, masikio yamekwisha.

"Mulembe, mzee," nilisema. "Ni Meshaki. Yule wa—"

"Najua wewe ni nani, jirani. Kaa."

Tulikunywa chai. Nilimweleza habari za yule mvulana wangu na mguu wa kiti, na wale wanne. Alisikiliza, au alionekana kusikiliza. Mwishowe nikauliza lile nililokuwa nimebeba miaka yote.

"Siku ile ulisikia nini? Ulimsikia anapumua?"

"Sikusikia kitu."

"Sasa ulijuaje?"

Alicheka kidogo, kikawa kikohozi. "Nilikuuliza mko wangapi. Nani alikuuliza habari ya ndani?"

Upepo ulipita kwenye miwa, nayo ikasema yale inayosemaga. Nilidhani amemaliza. Alivuta blanketi.

"Mwenzako anakujanga hapa," alisema. "Kila akitoka kanisani. Leo tu amechelewa."

"Nani?"

"Nashoni. Ananikatanga kucha, mimi siwezi kuinama." Aliinua mguu kidogo anionyeshe. "Nilimuuliza siku moja, nikamwambia, kijana, mimi nilizunguka mara tatu nikikuita. Ulikuwa macho?"

"Akasema?"

"Alikuwa macho. Alinisikia. Alisikia Kefa. Nikamwambia, basi mbona hukuita, hata kulia tu, taya likiwa limevunjika mtu bado analianga." Nyapara aliitazama miwa. "Akasema alisikia Meshaki akisema hakuna mtu ndani. Akasema Meshaki alisema kwa nguvu sana mpaka yeye mwenyewe akaamini."

Mkewe alikuja akachukua vikombe. Sikumbuki nilimuaga vipi. Nilipofika kwenye njia niligeuka, na Nyapara alikuwa bado ametazama miwa, midomo yake ikienda polepole, lakini nilikuwa mbali na sikuweza kusikia anaita nani.

Nashoni alikuwa nyumbani kwake, ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Watoto wake wawili walikuwa wanamsaidia na mkewe alikuwa anapepeta makapi.

"Oo, Mwalimu! Hukusema unakuja," alisema. "Karibu, ukuje ule."

Nilibaki nimesimama. Nilitaka kusema salamu kwanza, kuuliza habari ya karakana. Mdomo ulikataa kama ile kalamu.

"Nashoni," nilisema, "siku ile sikukimbia kutafuta msaada."

Alipukuchua hindi mpaka likabaki gunzi. Alilitupa kwenye rundo. Akachukua lingine, akalishika bila kulipukuchua.

"Mama Brian," alimwambia mkewe, bila kugeuka, "hebu peleka hawa watoto kwa nyanya yao kidogo."

Mkewe alimtazama, akanitazama mimi, akaweka ungo chini. Aliwashika watoto mikono wakaondoka. Nashoni alilisukuma beseni kando kwa mguu, akavuta kigoda cha pili kwa ule mkono usionyooka, akakiweka mbele yake, karibu, magoti yangefikiana.

"Kaa hapa," alisema. "Anza pale uliponiita. Usiruke kitu."

Nikakaa, nikaanza.